Tanga hadi Lushoto kwa baiskeli wakati wa kipupwe: mwongozo kamili wa kujiandaa

Juni hadi Agosti ndiyo miezi ya kujenga miguu kwa mwendesha baiskeli wa Tanga. Masika yamekwisha, barabara zimekauka, na alfajiri mjini hewa huwa ya nyuzi 20 au 21, kiasi cha kukanyaga saa nne mfululizo bila jua kukumaliza. Mji wetu umezoea baiskeli kuliko miji mingi ya nchi hii. Watu huenda nazo sokoni, kazini, hata harusini. Ila wengi hawajawahi kuivusha baiskeli yao Pongwe. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kwenda mbali hasa: kutoka usawa wa bahari hadi Lushoto, kilomita 170 hivi, kwa siku moja, na kesho yake kushuka salama.

Lushoto iko kwenye mita 1,400 hivi juu ya bahari. Hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi kila unapopanda mita 1,000. Ukiiacha Tanga ina nyuzi 27 mchana, kule juu utakuta 18 au 19, na jua likishazama mwezi Julai kipimo hushuka hadi 10 na wakati mwingine chini yake. Ongeza ukungu na manyunyu. Mtu aliyevaa koti na kukaa barazani hataiona hiyo kuwa baridi ya kutisha. Lakini mtu aliyelowa jasho, fulana ya pamba imemganda mgongoni, anashuka kona kwa kilomita 40 kwa saa, ataiona, na itaanzia kwenye vidole vinavyoshika breki.

Shika jambo hili kabla ya mengine yote: kwenye safari ndefu, baridi huletwa na maji na upepo kuliko kipimajoto. Nyuzi 10 ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 40 kwa saa, ngozi iliyo wazi huzihisi kama nyuzi 6. Hiyo ni ngozi kavu. Ikilowa, joto la mwili hukimbia kwa kasi kubwa zaidi. Kwa hiyo kazi yako siku nzima ni kubaki mkavu kadiri inavyowezekana na kuuziba upepo kabla haujakufikia. Karibu kila ushauri utakaousoma hapa chini umetoka kwenye hilo.

Anza na tambarare, mlima utakusubiri

Usiende Lushoto kwa sababu tu umeamka na nguvu. Jipe wiki tisa au kumi, ukianzia katikati ya Mei mvua zinapopungua. Sharti la kuanza ni uweze kwenda Muheza na kurudi, kilomita 75 hivi, na kesho yake ukaamka bila kuchechemea. Kama bado, tumia mwezi mmoja kufika hapo kwanza.

Ukishafika hapo, kila wiki weka safari moja ndefu, Jumamosi au Jumapili, na mbili fupi za saa moja hadi moja na nusu katikati ya wiki. Safari ndefu iongezeke kwa kilomita 10 hadi 15 kila wiki, na kila wiki ya nne ipunguze hadi nusu ili mwili ushone ulichouchana. Wiki ya kupunguza ndiyo watu huiruka kwanza, nami naisisitiza kwa sababu nimeona magoti mengi yakiharibika kwa kuikosa. Goti likianza kuuma kwa mbele, shusha masafa, angalia kama kiti hakiko chini mno, na usimeze dawa ya maumivu ili uendelee kukanyaga.

Kuhusu njia, tumia upepo kama mwalimu. Miezi hii kusi, upepo utokao kusini, ndiyo inayotawala. Ukielekea kaskazini, barabara ya Horohoro kupitia Amboni, utasukumwa kwenda na utapigwa usoni kurudi, tena ukiwa umechoka. Hilo ni zoezi zuri sana la kichwa na miguu, na kwenda mpaka mpakani na kurudi ni kama kilomita 130. Ukielekea Pangani mambo hugeuka: unapigwa kwenda, unasukumwa kurudi. Nashauri wiki za mwanzo uende Pangani, na Horohoro uiweke baadaye ukishakomaa. Njia ya Muheza ina mashamba ya mkonge sehemu kubwa, hakuna kitu cha kukukinga, kwa hiyo upepo wa ubavuni utaujua vizuri.

Wiki ya sita au ya saba nenda Segera na kurudi, kilomita 150 hivi. Ukiimaliza hiyo huku bado unaweza kula na kucheka, masafa umeyapata. Kilichobaki ni mlima.

Mlima unafanyiwa mazoezi peke yake. Pandisha baiskeli kwenye basi mpaka Mombo, chini ya mlima, panda kwa baiskeli mpaka Soni tu, shuka, rudi nyumbani. Mombo iko kama mita 400 na Soni inakaribia mita 1,200, na kati yake ni kilomita 17 hivi za kona. Ndicho kipande kigumu kuliko vyote vya safari nzima, na ukikijua kabla hakitakutisha siku yenyewe. Kwa anayependa njia ya vumbi, Muheza kwenda Amani ni mbadala mzuri, mita 900 hivi, ila mvua ikinyesha udongo wake huteleza.

Mwendo wako usiukimbize. Wanaoendesha safari za masafa marefu duniani wana kipimo chao: kilomita 200 zimalizwe ndani ya saa 13 na nusu, mapumziko yakiwemo. Huo ni wastani wa kilomita 15 kwa saa. Kwa hiyo usimwonee wivu anayekupita Ngomeni kwa fujo. Kipimo cha kila siku ni mdomo: kwenye tambarare uweze kuongea sentensi nzima bila kukata pumzi. Ukipanda, nusu sentensi inatosha.

Baiskeli iandae wiki moja kabla

Mpelekee fundi mapema, siku ya Jumatatu, si Ijumaa jioni. Akague spoku zote, bereringi za magurudumu, na hasa breki. Mpira wa breki uliolika hadi mistari yake kupotea usiende nao mlimani. Waya wa breki ulioanza kuchomoka nyuzi ubadilishwe hata kama bado unavuta. Tairi la mbele liwe ndilo zuri zaidi, maana la mbele likipasuka kwenye mteremko huna la kufanya.

Gia: unahitaji nyepesi kuliko unavyodhani. Baiskeli ya gia moja itakufikisha, kwa kusukuma sehemu nyingi, na hakuna aibu yoyote. Ila kusukuma ni kutoka jasho bila kwenda mbali, kisha unapoa.

Cheni ioshwe kwa mafuta ya taa, ikauke, ipakwe oili na kufutwa kwa kitambaa. Oili ya cherehani ni nyepesi mno, manyunyu ya kwanza tu yanaiosha. Funga madigadi, kwa sababu maji yanayorushwa na gurudumu la nyuma hulowesha kiuno na mgongo haraka kuliko mvua yenyewe. Taa mbili, nyeupe mbele na nyekundu nyuma, si kwa ajili ya usiku tu bali kwa ukungu wa Soni. Chukua tyubu mbili, viraka na solusheni, pampu, na spana za kutosha kuifungua baiskeli yako wewe.

Nguo, mahali pa kuwa mchaguzi

Huhitaji duka la vifaa vya michezo. Mtumba unatosha, mradi ujue unachotafuta.

Nguo ya ndani isiwe pamba. Pamba hunywa jasho, hukaa nalo, na ukisimama inakugeukia. Jezi ya mpira ya poliesta inayobana kidogo hukauka mwilini ukiwa unaendesha. Beba mbili, moja umevaa, nyingine iko kavu kwenye plastiki. Plastiki ile nzito inayokuja imefungiwa shuka jipya inafaa sana kwa kazi hii, ikunje mara mbili na kuibana kwa mpira. Kama utaniuliza ni kitu gani kimoja usikiache nyumbani, nitakutajia jezi hii ya pili kavu.

Juu yake tafuta sweta jembamba la sufu. Sufu ina sifa ambayo pamba haina: hata ikilowa bado hutunza joto. Kwenye mitumba masweta haya huwa chini ya rundo kwa sababu watu wa pwani hawayataki. Soma lebo ya ndani, au lisugue shingoni, la sufu huwasha kidogo.

La tatu ni jaketi la kuzuia upepo. Liwe jepesi, likunjike hadi kuingia mfuko wa nyuma. Lijaribu palepale sokoni: weka kitambaa chake mdomoni na upulize kwa nguvu. Pumzi ikipita, upepo wa mlimani nao utapita. Ikigoma, lipia. Liwe na zipu ya mbele nzima, ili uweze kulifungua ukipanda bila kulivua. Jaketi zito la pamba lenye manyoya ndani ni zuri kwa kukaa nje jioni pale Lushoto, lakini barabarani litakuchemsha kisha likugandishe.

Mikono na magoti: chukua soksi ndefu za mpira wa miguu, kata sehemu ya unyayo, utapata mikono ya kuvalia na kuvulia bila kuvua jezi. Nyingine nene zikatwe kwa ajili ya magoti. Magoti hayana nyama ya kuyafunika na huumia mapema, nami huyafunika kila hewa ikishuka chini ya nyuzi 18. Wanawake wengi huvaa taiti ndefu chini ya nguo ya juu na tatizo hili linakuwa limeisha.

Vidole ndivyo breki zako. Glavu za kufuma peke yake hupitisha upepo. Vaa za kufuma, kisha juu yake glavu za mpira za kuoshea vyombo, saizi kubwa. Hazina umaridadi, ila zinafanya kazi. Kichwani, kofia nyembamba ya kubana chini ya helmeti, ifunike masikio.

Na gazeti. Nunua moja Mombo, ulisome ukiwa unapumzika, ukilibakiza kwa ajili ya kushuka. Kurasa tatu nne zikunjwe na kuwekwa kifuani kati ya jezi na jaketi. Waendesha baiskeli wa mashindano Ulaya walifanya hivyo kwa miaka mingi kwenye vilele vya milima, na tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini Juni 2019, gazeti ndilo kinga rahisi kuliko zote.

Kula kabla ya njaa, kunywa kabla ya kiu

Baridi hudanganya. Huoni jasho, husikii kiu, na unakojoa zaidi kuliko kawaida kwa sababu mwili ukipoa hukusanya damu ndani na figo hutoa maji. Kwa hiyo usisubiri kiu. Nusu lita kwa saa inatosha wengi kwenye hewa ya ubaridi, zaidi kidogo ukivuka nyika ya Korogwe mchana. Tia chumvi kidogo na sukari au glukosi kwenye chupa moja, nyingine iwe maji matupu.

Chakula: gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, kuanzia saa ya kwanza. Ndizi mbivu ya wastani ina kama gramu 25. Chapati moja inazidi hapo. Kashata, tende, maandazi, kiazi kitamu kilichochemshwa, vyote ni mafuta ya safari. Weka kengele ya simu ilie kila dakika 40, ikilia kula kitu hata kama hujisikii. Muheza machungwa yapo kando ya barabara msimu wake ukiwepo, na ni mazuri, ila chungwa halishibishi, lifuate na kitu cha unga.

Mwili usio na chakula hauwezi kujipasha joto. Mtu anayetetemeka huku hajala tangu Korogwe, koti peke yake halitamsaidia.

Siku yenyewe

Ondoka saa 11 alfajiri baada ya uji mzito na chapati. Julai jua huchomoza kama saa 12 na nusu, kwa hiyo giza utaliona kwa saa moja na nusu tu. Taa ziwashwe, vaa kizibao cha kuakisi mwanga, kaa kushoto. Usivae sweta Tanga mjini. Ukitoka nyumbani usikie ubaridi kidogo. Ukitoka ukiwa na joto zuri, kufika Pongwe umeshalowa.

Mpaka Segera, kilomita 75, barabara inaelekea kusini-magharibi na kusi itakupiga mbele na ubavuni, ila asubuhi bado ni dhaifu. Usipigane nayo. Kama mko wawili watatu, pokezaneni mbele kila dakika tano. Segera unaingia barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Arusha, na hapo hali inabadilika: mabasi na malori yanakwenda kasi. Msururu mmoja tu, hakuna kwenda wawili sambamba, na ukisikia malori mawili yakikaribia kupishana pale ulipo, toka nje ya lami na usimame. Faida ni kwamba kuanzia hapo mnageukia kaskazini-magharibi na upepo unakuwa nyuma yenu.

Korogwe kula chakula cha kweli, wali maharage, nusu saa. Mombo uwe umefika kati ya saa 6 na saa 7 mchana. Hapa weka sheria na usiivunje: ikifika saa 8 bado hujafika Mombo, lala Mombo. Kutoka pale ni kilomita 33 kwa mwendo wa tisa au kumi kwa saa, na hutaki giza likukute kwenye kona za juu ukiwa umelowa.

Mombo kuna joto. Hiyo ndiyo hatari yake. Utaanza kupanda ukitoa jasho la nyikani na kumaliza kwenye hewa ya mlimani, ndani ya saa tatu na nusu hivi. Kwa hiyo vua: jezi moja tu, zipu chini, mikono wazi. Tumia gia nyepesi kabisa tangu kona ya kwanza, maana kila jasho unalolizuia hapa ni baridi unayoikwepa Soni.

Soni ndipo safari nyingi huharibika, kwa sababu mtu anafika akiwa amefurahi. Kijana mmoja niliyepanda naye alikaa nje ya mgahawa, jezi imemganda, akijipepea kwa kofia. Mama mwenye mgahawa akamtazama.

"Mwanangu, ingia ndani huku karibu na jiko. Umelowa hivyo unakaa upeponi?"

"Shikamoo mama. Nasikia joto bado."

"Marahaba. Hilo joto la mlima, litakwisha sasa hivi."

Chai haijapoa kikombeni, meno yakaanza kugongana, na mkono uliobeba andazi ukawa unacheza. Alipovua ile jezi mvuke ulikuwa unatoka mabegani. Tulimvalisha kavu, sweta juu, akashikilia kikombe kwa mikono yote miwili, na baada ya nusu saa tukaendelea.

Fanya hivyo kwa utaratibu: ukifika tu, ingia ndani, vua ya maji, jifute, vaa kavu, kisha ndiyo uagize chai ya tangawizi yenye sukari ya kutosha. Jezi iliyolowa ifunge juu ya keria ipigwe upepo. Dakika 20, usizidishe sana, miguu itakaza. Soni hadi Lushoto mteremko na mwinuko vinapokezana na hewa imebadilika, vaa mikono yako ya soksi, zipu ya jaketi nusu.

Dalili za kusimama

Kutetemeka ni mwili unajitetea, bado una nguvu. Angalia yanayofuata: mwenzako anashindwa kufunga zipu, anajikwaa kwa miguu, maneno yanamtoka kwa uzito, anakasirika au ananyamaza ghafla. Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35 akili huwa ya kwanza kuyumba, kwa hiyo yeye mwenyewe atasema yuko sawa. Usimsikilize. Mwingize ndani, mvue vya maji, mfunike blanketi mpaka kichwa, mpe kinywaji cha moto chenye sukari kama anameza vizuri. Usimsugue mikono na miguu, usimpe pombe. Akiacha kutetemeka huku bado ni wa baridi na amelegea, hapo ni hospitali mara moja kwa gari.

Sisi wa pwani tuna jambo la ziada. Ukitetemeka usiku Lushoto ukiwa chini ya mablanketi, mkavu, umeshiba, kisha homa ikapanda, usiilaumu baridi ya mlima. Nenda ukapime malaria. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta mfukoni, maana hewa baridi hubana kifua.

Kushuka

Usishuke alfajiri. Ukungu wa asubuhi ni mzito na lami imelowa. Subiri mpaka saa 3 au saa 4. Vaa vyote kabla ya kupanda baiskeli, ukiwa bado una joto la kitandani na la chai: jezi kavu, sweta, gazeti kifuani, jaketi zipu mpaka shingoni, glavu mbili, magoti. Kwenye mteremko miguu haifanyi kazi, mwili hautengenezi joto, na upepo unachukua lililopo kwa saa nzima. Anayesema atavaa akisikia baridi atalazimika kusimama kwenye kona huku vidole vimeshakufa ganzi.

Breki zibane na kuziachia, mbele na nyuma, usizishikilie mfululizo, rimu hupata moto na tyubu inaweza kupasuka. Rimu zikiwa na maji, breki huchelewa kushika, kwa hiyo anza kubana mapema, zikauke kabla ya kona. Mwendo upunguze kabla ya kona, si ndani yake. Kaa upande wako hata kama barabara inaonekana tupu, maana malori ya mboga hupanua kona na huwezi kuyaona mpaka yamefika. Kila baada ya kilomita tano au sita simama mahali pa wazi, kunja na kukunjua vidole, zungusha mikono, gusa rimu kwa mgongo wa kidole. Ikiunguza, subiri ipoe.

Kuanzia kona za chini utasikia joto la Mombo likipanda. Fungua zipu, ila sweta livue ukishasimama stendi. Rudi Tanga kwa basi siku hiyo, miguu imeshafanya kazi yake. Nyumbani osha baiskeli kabla ya kulala, hasa cheni na rimu, maana tope lenye mchanga husaga mpira wa breki hata baiskeli ikiwa inakwenda sokoni tu. Kagua unene wa mipira hiyo. Safari moja ya Lushoto huweza kuimaliza kabisa ya bei rahisi.